Burudani Niachieni Mimi, Nyama Gawaneni

Kamati ya sendofu hapa Tunduma inaweza kukaa Jumapili hata tatu ikibishana kama mbuzi wa meza kuu aletwe mzima au akatwekatwe jikoni. Itabishana rangi ya vitambaa vya viti. Itabishana nani ampigie simu mjomba wa Mlowo, ambaye ahadi yake ya harusi iliyopita mpaka leo iko njiani. Mwisho kabisa, watu wameshasimama wanatafuta makoti na baridi ya Juni imeanza kupenya madirishani, mwenyekiti anakumbuka: "Na burudani?" Sauti inajibu kutoka nyuma, "DJ yupo." Tunafunga kwa sala.

DJ yupo. Basi, hayo ndiyo maandalizi. Nyama ina mwenyekiti, ina makamu, ina hata mtu wa kusimamia mkaa. Mapambo yana akina mama wanne na bajeti inayotisha kuliko mahari. Lakini ukumbi mzima wa watu ambao hawajawahi kucheza pamoja, wa nchi mbili, kuanzia watoto wa chekechea hadi mabibi wanaoletwa kwa kushikwa mkono, huo umeachiwa kijana mmoja na flashi yake. Halafu tunashangaa saa 5 usiku kuona nusu ya wageni wamekaa wanatazama simu, wameshiba na wamenuna.

Safari hii cheo kimeniangukia mimi. Msidhani nilichaguliwa kwa kipaji. Nilitoka kupokea simu, niliporudi nikakuta watu wananipigia makofi. Dada yangu, ambaye ndiye anayemuoza binti, alinikonyeza nisikatae mbele za watu. Ningefanyaje? Mjomba wa bi harusi akikataa kazi, jambo hilo litasimuliwa hadi kwenye arobaini yake.

Sasa niwaeleze huo mzigo. Binti anaolewa Nakonde. Kutoka ukumbini kwetu hadi kwa wakwe ni mwendo wa miguu, ukiondoa uhamiaji. Sisi Wanyamwanga tuko huku na wenzetu wako kule. Mpaka ulichorwa wakati mababu wameshakaa kitambo. Tangu Oktoba 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha, Tanzania na Zambia chini ya paa moja, msafiri anamaliza mambo yake sehemu moja na kuendelea na safari. Jambo jema. Ila hawakutuwekea kituo cha pamoja cha saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja kamili, na kadi imeandikwa saa 12 jioni. Mkwe anatazama saa yake ya ukutani, anaoga kwa utaratibu, anavuka, anafika saa 12 jioni juu ya alama. Kwetu ni saa 1 usiku. Simu ndiyo usiitegemee kabisa, maana mitaa ya huku karibu na mpaka inadaka mnara wa kule na kujirudisha nyuma bila kukuaga. Kwa hiyo mgeni wa Nakonde akifika saa 1, amewahi. Sisi wa Sogea na Majengo tunaoingia saa 3 ndio hatuna nchi ya kusingizia.

Nikaanza kuhesabu miguu. Kuna wazee wa dansi, ambao ukiwapigia kitu chochote cha baada ya Mbaraka Mwinshehe wanauliza kama spika zimeharibika. Kuna akina mama wa kikoba, wao ni kwaito na hawana mjadala. Kuna walokole, watacheza sana, tena kwa jasho, mradi jina la Bwana litajwe kila baada ya mistari miwili. Kuna vijana wa amapiano na singeli. Kuna wakwe. Na kuna kundi kubwa kuliko yote, ambalo kamati hailitaji kabisa: wale ambao hawajui kucheza. Kiongozi wao ni baba mdogo, mtumishi mstaafu, mtu wa heshima zake, ambaye muziki ukianza huvaa miwani na kusoma kadi ya mwaliko upya kana kwamba imebadilika.

Nikamfuata DJ mapema, nikiwa na karatasi yangu. Aliniheshimu, siwezi kusema uongo. Alitoa sikio moja kwenye hedifoni.

"Mzee wangu, wewe kapumzike. Mimi nafungua na singeli, ukumbi unachemka mwanzo mwisho."

"Kijana wangu, na bibi yake bi harusi?"

"Huyo atapiga makofi."

Ndipo nilipojua kwamba vita ni yangu peke yangu. Singeli ni muziki mzuri wa uswahilini, Manzese na Tandale wamelipa taifa kitu. Lakini unakwenda kwa kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Ukiufungulia saa 2 usiku, vijana sita watauvamia uwanja, watageuzana vichwa chini, na mtu mwingine yeyote atajiambia moyoni kwamba kucheza usiku huu ni kwa wenye mifupa laini. Akishajiambia hivyo, hata umpigie nini baadaye, hanyanyuki. Usiku wa kucheza unaharibikia kwenye wimbo wa kwanza, na anayeuharibu ni fundi anayetaka kuonyesha ufundi. Mpango wa usiku hupangwa kwa kumtazama yule asiyejua. Anayejua, hata ukimpigia debe atacheza.

Jambo hili wenzetu wamelifikiria siku nyingi. Huko Marekani, upande wa kaskazini-mashariki, New Hampshire na Vermont, kuna dansi linaloitwa contra. Watu wanapanga mistari miwili mirefu wakitazamana, na mbele anasimama mtu ambaye kazi yake ni kuita hatua. Kwanza anawatembeza bila muziki wowote: shikaneni mkono, zungukeni, piteni katikati, rudini. Muziki ukiingia anaendelea kuita, hadi akiona miguu imeshika, ananyamaza. Mzunguko mmoja ni mapigo 64, na ukiisha kila jozi inasogea kwenye mstari na kukutana na jozi nyingine. Kwa hiyo mgeni aliyeingia mlangoni jioni hiyo hiyo anapita mikononi mwa wazoefu wote mmoja baada ya mwingine. Wanamsukuma taratibu, wanamgeuza, na kabla wimbo haujaisha anacheza. Anayepanga usiku wao anaanza na nyepesi, zile ngumu anaziweka katikati watu wakiwa wamepasha lakini hawajachoka, hafuatanishi mbili zinazofanana, na mwisho anatoa kitu ambacho hata mguu uliolala unakijua. Asili yake ni dansi za mashambani za Uingereza, ambazo bwana John Playford alizitolea kitabu London mwaka 1651. Tangu mwaka 1651 watu wanaliandika jambo hili kwenye vitabu. Sisi tuna DJ yupo.

Na msiniambie kwamba hayo ni ya Wazungu. Ngoma ya beni ilikuwa nini? Ilianzia pwani mwishoni mwa karne ya 19, Vita ya Kwanza ya Dunia ikaisambaza na askari na wapagazi mpaka bara, ikavuka hadi migodi ya Kopabelti. Watu walipanga mistari, wakawa na majenerali na wafalme wao, na amri zikitolewa kijeshi. Huko huko migodini, Luanshya, miaka ya 1950 wacheza kalela, ngoma ya ukoo wa beni, walikuwa na mfalme wao, daktari aliyevaa joho jeupe, na hata nesi wa kupita na kioo na kitambaa ili wachezaji wajifute jasho na kujitazama kama wamependeza. Nesi! Mimi kamati imeninyima hata mtu wa kushika maikrofoni.

Basi nikarudi kwenye kwaito, maana ndiyo contra yetu. Afrika Kusini kwaito ni muziki. Kwenye kumbi zetu ni mistari. Hatua kulia, hatua kushoto, unarudi nyuma, unainama kidogo, unageuka robo, unaanza upya. Mtu yeyote mwenye miguu miwili anaweza. Lakini ina hila moja ambayo sijasikia kamati yoyote ikiijadili. Asiyejua anajificha wapi? Mstari wa nyuma, anaiga migongo ya wenzake. Sawa. Watu wanageuka robo. Sasa yuko pembeni, anaiga kwa jicho moja. Wanageuka robo nyingine. Yule aliyekuwa nyuma ya wote sasa yuko mbele ya wote, uso kwa uso na meza kuu, hana mgongo hata mmoja wa kuiga, na mpiga video ameshamwashia taa. Nimemwona baba mdogo akifikwa na jambo hilo kwenye harusi ya Vwawa. Alisimama dede, akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama kufunga kamba za viatu. Alivaa makubazi.

Dawa yake ni rahisi mno: wanaojua wasisimame wote mbele. Wagawe kwenye kona nne. Popote ukumbi utakapogeukia, mbele pana mtu wa kuigwa. Nikanunua chaki, nikaenda ukumbini mchana, nikachora alama kwenye kona nne za uwanja wa kuchezea, kubwa, zinazoonekana hata gizani. Kona ya kwanza shangazi wa Chapwa, ambaye kwaito anaicheza akiwa na mtoto mgongoni. Ya pili shemeji yangu. Ya tatu kijana wa bodaboda anayejulikana mitaa yote. Ya nne nilimkosa mtu, hadi nilipopita uani nikamkuta mmoja wa wapishi anamenya vitunguu, kisu mkononi, kanga mbili kiunoni, na huku redio ya simu inalia, miguu yake inapiga kwaito safi kabisa, kugeuka na kila kitu, bila kumwaga hata ganda. Nikamwambia mama, saa 4 nakuhitaji ndani. Akaniuliza kama atalipwa kama mpishi au kama mcheza show. Nikamwambia tutaongea. Kamati ya nyama ililalamika kwamba ninaiba watumishi.

Ikaja siku yenyewe. Ratiba yangu ilikuwa na saa tatu za kucheza. Mshereheshaji alitumia karibu mbili kwa utambulisho. Mila zetu mnazijua: anasimama baba mkubwa, anawatambulisha ndugu zake, kila ndugu anasimama na kumtambulisha mkewe, mke anapunga mkono, watu wanapiga makofi ya kilo moja, moja, moja. Alipomaliza upande wetu akawageukia wakwe. Nami nimesimama kando ya spika na karatasi yangu nikikata mstari mmoja baada ya mwingine kwa kalamu, maana ukumbi mwisho wake ni saa 6, na mwenye ukumbi hana undugu na mtu.

Halafu bwana harusi akaingia. Kule Zambia msafara wa maharusi hautembei. Wasimamizi wanaingia jozi kwa jozi wakicheza, hatua zimepangwa, mikono inakwenda pamoja, na kuna mwanamama aliyewanoa wiki nyingi kabla. Waliingia wale vijana na suti zao za bluu, wakasimama, wakageuka wote kwa pamoja, viatu vikalia mara moja tu ingawa ni miguu ishirini na kitu. Ukumbi ukapiga kelele. Wasimamizi wetu wao walikuwa wameshaingia, kwa mwendo wa watu wanaokwenda kupokea vyeti. Dada yangu alinitazama. Nikatazama dari.

Hapo DJ akataka kuweka singeli, eti "tuwajibu". Nikasimama mbele ya meza yake. Unawajibuje watu walionolewa wiki nyingi? Huwajibu. Unawapigia kitu ambacho nao watacheza na baba mdogo atacheza. Nikamwambia aite zawadi.

Msidharau foleni ya zawadi. Ni dansi la wanaoanza, bora kuliko yote tuliyo nayo. Unamwita mtu ambaye hajawahi kucheza, unampa sufuria za kufunikiana akaziweke mbele ya bi harusi, unafungulia "Vuli Ndlela" wa Brenda Fassie, naye anacheza. Hajui kama anacheza. Anajua anapeleka sufuria. Aibu hukaa mikononi: mikono ikiwa na kazi, miguu inajiachia. Wale vijana wa Angola waliofanya "Jerusalema" ya Master KG izunguke dunia mwaka 2020 walicheza wakiwa wameshika sahani za chakula, wanakula. Sijui kwa nini watu walishangaa. Huku Songwe tunacheza na magodoro.

Baba mdogo alipeleka jiko la gesi. Alilibeba kifuani, akaenda akiyumba kulia na kushoto, na alipofika katikati akafanya kitu kwa goti ambacho mkewe alisema hajawahi kukiona katika ndoa yao yote. Sikumruhusu akae. Nilimwambia DJ aunganishe kwaito hapo hapo, bila mshereheshaji kutia neno. Watu wa kona nne walikuwa wameshasimama kwenye chaki zao, mpishi na kanga zake. Mistari ikajipanga. Tukageuka robo, tukageuka robo ya pili, na baba mdogo akajikuta mbele ya wote. Safari hii kushoto kwake alikuwepo shangazi wa Chapwa, hatua mbili tu, anatoa sauti: "Kulia, shemeji, kulia! Rudi! Inama!" Basi alicheza. Mama mmoja wa Nakonde aliposikia sauti hiyo naye akaanza kuita upande wake kwa lugha yao, kila amri ikimalizikia na "mukwai," maana hata kuamrishana wenzetu wanaamrishana kwa heshima. Nikapata waita hatua wawili ambao kamati haikuwalipa.

Baada ya hapo nilimpa mzee wa dansi haki yake. Na hapa niwatetee wazee, ingawa wananisumbua. Muziki wa dansi wa bendi za kwetu umejipanga wenyewe. Wimbo wa Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978 na mtindo wake wa Sikinde, unaanza polepole, maneno yanasikika, mzee anamshika bibi yake mkono wanakwenda. Dakika kadhaa baadaye gitaa zinabadilika, waimbaji wanaacha nafasi, inakuja chemko. Wazee wanakwenda kukaa kwa heshima zao, wenye kiuno wanabaki. Wimbo mmoja umewahudumia watu wa aina mbili, na hakuna aliyefukuzwa. Ningekuwa na saa zangu tatu, ningewapa na Msondo, na Morogoro Jazz. Wakwe nao ningewapa kalindula kwa kirefu. Miaka ya 1970 Rais Kaunda aliamuru redio yao ipige muziki wa nyumbani asilimia 95, na bendi zikaingia vijijini kuokota midundo ya kienyeji na kuitia gitaa la umeme. Mkwe wa miaka sitini akisikia kitu hicho hahitaji kuombwa. Walipata nyimbo mbili. Walokole walipata moja, ndefu, nao walipomaliza walikuwa wametokwa jasho kuliko mtu yeyote ukumbini.

Singeli ilikuja mwisho, robo saa kabla ya taa kuzimwa. Vijana walinuna kwamba wamebaniwa. Wazee walinuna kwamba imepigwa. Akina mama walisema kwaito ilikuwa fupi, wakwe walisema mengi kwa adabu, na mshereheshaji alilalamika kwamba hakupewa muda wa kutosha wa kuzungumza.

Kamati ilivunjwa wiki iliyofuata, kwa supu. Mwenyekiti wa nyama alishukuriwa kwa sababu nyama ilibaki. DJ, aliyealikwa, alieleza jinsi ambavyo tangu mwanzo alijua kwaito itabamba, akapigiwa makofi. Burudani iliulizwa swali moja tu: mwenye ukumbi amekata sehemu ya amana yetu kwa kusugua chaki kwenye vigae, ile fedha iingizwe fungu gani? Mjadala ulichukua muda mrefu kuliko wowote niliowahi kuusikia kuhusu muziki. Mweka hazina, mtu asiyependa ugomvi, akaiandika kwenye mapambo, na akina mama wa mapambo mpaka leo tukikutana sokoni wanamsalimia mke wangu peke yake.